Uzito wa Kurejea

Siku mbili kabla ya Idi ndogo ya mwaka 1967, baada ya sala ya Alasiri, Sleyum bin Khalfan aliwapima wapanda farasi saba kwenye uwanda wa changarawe wa Ruwi. Alitumia mizani ya magunia ya tende, iliyoletwa kwa punda wawili kutoka ghala la Sheikh Suud. Sita wa kwanza walipanda mmoja mmoja, mshale ukasogea, akaandika. Wa saba alikuwa Bakhit, mtumwa wa Sheikh Suud. Bakhit alipanda kwa miguu yote miwili, akasimama wima, na mshale haukusogea.

Sleyum akaigonga mizani kwa kiganja. Akamwambia Bakhit ashuke, akapanda mwenyewe: ratili mia na hamsini, kama kawaida yake. Akamwambia Bakhit apande tena. Sufuri.

"Usijisumbue, Bwana Sleyum," Bakhit alisema kwa Kiswahili, lugha aliyoachiwa na mama yake. "Mie tangu utotoni sina. Tazama nilikopita, huoni nyayo."

Sleyum akatazama. Nyayo hazikuwapo. Akaandika sufuri, maana karani mzuri huandika anachokiona.

Na karani mzuri alikuwa kweli, hilo hata maadui zake hawakumnyima. Miaka sita alishika mizani Nairobi kwenye mbio za Wazungu, akajifunza kumpangia kila farasi mzigo wake: aliye bora abebe zaidi, aliye dhaifu abebe kidogo, ili wote wawe na nafasi ya kushinda. Mapinduzi yalipomtoa Unguja, alishuka Maskati na mkewe Muhsina, godoro moja, na kitabu cha kanuni. Aliruhusiwa kukaa mjini kwa sababu Sheikh Suud alimdhamini. Naye Sheikh Suud alikuwa na shida yake: farasi wake Ghazala alikuwa hashindwi, hata watu wakaacha kushindana naye. Akamwambia Sleyum alete hiyo mizani ya haki, watu warudi uwanjani.

Mwezi mzima wa Ramadhani Sleyum alikwenda Ruwi alfajiri kuwatazama farasi wakikimbizwa. Aliandika yupi anachoka mapema na yupi anavutia kushoto. Mwisho alimpangia Ghazala ratili mia na arubaini, na farasi wa Marhoon, aliyemfuatia kwa ubora, mia na kumi na mbili. Marhoon alikuwa kijana wa ukoo mkubwa, akimpanda farasi wake mwenyewe. Upungufu wa mpanda farasi hujazwa kwa vipande vya madini ya risasi kwenye tandiko. Bakhit, mpandaji wa Ghazala, alipungua zote mia na arubaini.

Risasi nyingi hivyo haikupatikana. Masouda, mke wa Bakhit, alikwenda kuazima chubwi za wavuvi wa Qantab, vile vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu, akavileta kwa makapu manne. Masouda aliishi Qantab. Yeye alikuwa mwachwa huru tangu bibi aliyemmiliki alipokufa, na Bakhit aliruhusiwa kulala kwake Ijumaa moja kwa mwezi. Ndiyo maana Masouda alibeba makapu yale bila kunung'unika. Sheikh Suud alikuwa amekwisha kutamka mbele ya mashahidi: "Ghazala akishinda mbio hizi, Bakhit ni huru."

Muhsina alikuwa akikaanga visheti vya Idi Sleyum alipomweleza.

"Nnakuuliza wewe," Muhsina alisema, "mtu mzima hana uzito, nawe umempakilia risasi. Hii haki gani?"

"Haki ya kitabu."

"Na farasi?"

Sleyum akakipekua kitabu. Alijua anachokijua kila mchunga farasi, kwamba mtu hai hunyanyuka na kushuka pamoja na farasi, lakini risasi hukaa tu pale ilipo na kumvunja mgongo. Kitabu hakikutofautisha ratili na ratili.

"Basi kitabu hicho jipakie mwenyewe," Muhsina akasema, akageuza visheti.

Siku ya pili ya Idi farasi saba walitoka pamoja. Ilikuwa mizunguko miwili, kutoka kwenye bendera hadi kisimani na kurudi. Ghazala alikimbia wa nne, kisha wa tatu, kichwa amekiinamisha, povu linamtoka. Bakhit alimlalia shingoni akimsemesha Kiswahili. Kwenye hatua mia za mwisho Ghazala akampata Marhoon, na akaikata bendera akimtangulia kwa kichwa.

Pua yake ilipopita bendera, magoti yalimlegea na mkanda wa tandiko ukalia. Bakhit akaruka chini, changarawe ikamwitika. Akanyanyua mguu mmoja, akatazama alama, akakanyaga pembeni yake ili aone ya pili. Masouda akaja mbio akamsukuma kifua kwa mikono yote miwili. Hakusogea. Masouda akacheka, kisha akalia, kisha akamsukuma tena.

Kanuni za Sleyum zilitaka mshindi apimwe akirejea, pamoja na tandiko lake. Bakhit akapanda na chubwi zote. Mshale ukapita mia na arubaini, ukaenda ukasimama kwenye mia mbili na sabini na moja.

Marhoon aliuona. "Kanuni ni yako wewe, Bwana Sleyum. Ulitusomea hapa hapa. Uzito wa kwendea ndio uzito wa kurejea. Usipolingana, hakuna ushindi."

Hilo lilikuwa kweli, na Sleyum alilijua. Alijua pia kwamba Ghazala alikimbia na ratili mia na arubaini hadi kwenye bendera, na kwamba nyingine zote zilikuja baada ya bendera, kwa sababu Bakhit alishinda. Maneno machache yangetosha kulieleza. Akamtazama Sheikh Suud, ambaye kwa ushindi ule angempoteza Bakhit.

"Hukumu ni yako," Sheikh Suud alisema. "Mimi siingilii." Akamtazama Sleyum kwa muda, kwa upole, kama mdhamini anavyomtazama mdhaminiwa.

Sleyum aliogopa. Hakuna jina jingine la kuliita jambo lile. Wanasema sheria ni msumeno. Ule wa Ruwi ulijua pa kukata. Akafungua kitabu, akasoma namba mbili kwa sauti, akatangaza kwamba Ghazala ametolewa na mshindi ni farasi wa Marhoon.

Bakhit alikuwa bado juu ya mizani. Mshale ukaanza kurudi. Mia mbili na hamsini. Mia mbili. Aliutazama kama mtu anayetazama maji yakivuja mtungini. Ukasimama kwenye mia na arubaini, na alipoliweka tandiko chini, ukarudi kwenye sufuri. Masouda alikuja akamshika mkono wa kanzu.

Watu walimpongeza Sleyum. Walisema hawajapata kuona karani asiyependelea hata farasi wa mdhamini wake. Sheikh Suud alimwambia ajiandae kwa Idi kubwa.

Uwanja ulipokuwa ukitawanyika, Bakhit alimfuata Sleyum aliyekuwa akifunga kitabu.

"Bwana Sleyum, ilikuwa ngapi?"

"Nini?"

"Yangu mie. Ukiondoa chubwi na tandiko."

Sleyum akapiga hesabu, ingawa hakuwa na haja ya kupiga. "Mia na thalathini na moja."

"Mia na thalathini na moja," Bakhit alisema. Akairudia tena taratibu, asije akaisahau, kisha akaishika kamba ya Ghazala akaenda kumtembeza mpaka jasho limkauke.