Kidole Kimoja Ndani

Mama Keki alikuwa na tabia moja iliyowashangaza wote waliowahi kumpa kazi: hakuwahi hata mara moja kuona keki yake ikikatwa. Aliileta ukumbini mwenyewe, akaipanga ngazi juu ya ngazi, akaikamulia maua ya mwisho pale pale mezani, akarudi nyuma kidogo kuitazama huku kichwa kimeinama upande. Bwana harusi akigusa kisu tu, yeye yuko barabarani. Waliomjua kijuujuu walidhani ana haraka ya kazi nyingine. Ukweli ni kwamba roho ilimuuma. Usokote maua mpaka vidole vife ganzi, halafu watu waje wayameze huku wakiulizana habari za mpira!

Aliyebaki ukumbini ni Dada, mkubwa wake wa tumbo moja, ambaye hakujua kuoka hata mkate lakini alijua kulinda. Alisimama kando ya meza, mikono kiunoni, na yeyote aliyesogeza kidole cha udadisi alikutana na sauti yake. "Tazameni kwa macho! Kwa macho, nimesema!" Miguu ikianza kumuuma alikuwa na swali moja tu kwa wenye shughuli: "Kwani mnakata saa ngapi?"

Sasa siku Mama Keki alipotangaza kwamba anafunga jiko kwa muda, anakwenda pwani ya mbali kujitolea kukarabati magofu ya kale, Dada alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kujitolea, yaani bure?"

"Bure."

"Mdogo wangu, umelogwa au ni uchovu tu? Na magoti hayo? Watakukabidhi birika uwachemshie wenzako chai. Utarudi hapa hujashika hata kokoto."

Mama Keki alikuwa akifuta meza. Aliacha kufuta. "Dada, kila nilichokitengeneza kwa mikono hii kimeishia tumboni mwa watu. Kila kitu. Nataka kimoja kibaki."

Hapo Dada aliacha kucheka. Lakini kushindwa hakukuwa kwenye damu yake. "Haya. Siku ya kufunga kazi, ndugu si wanaruhusiwa kuja? Nitakuja. Utanionyesha hicho kilichobaki. Nisipokiona, nitakutania mpaka siku ya kuzikana."

Kwa hiyo Mama Keki alisafiri akiwa na begi la nguo, dawa ya magoti, na deni hilo la maneno. Chini kabisa ya begi, amezifunga kwenye taulo, aliweka zana zake: miko midogo ya kulainishia krimu na mfuko wa kukamulia maua pamoja na ncha zake za bati. Za nini kwenye magofu? Hajawahi kulala mbali nazo, basi.

Yeye na wenzake wa kujitolea walilazwa kwenye bweni la shule iliyofungwa kwa likizo, vitanda vya ghorofa, madirisha ya wavu, na ukutani majina ya wanafunzi yaliyokwanguliwa kwa ncha ya bikari. Kitanda cha juu yake kilikuwa cha Karani, mama mstaafu wa mahakama, mwenye moyo wa dhahabu na mikono ya gogo. Asubuhi walishuka kwa miguu mpaka magofu. Joto lilikuwa la kubandika nguo mgongoni, na chumvi ya bahari ilikaa midomoni kabla hata hujaiona bahari. Nyumba zilisimama bila mapaa, kuta za mawe ya matumbawe, mizizi imepenya madirishani kana kwamba ndiyo iliyopangishwa. Na kwenye nyumba moja kulikuwa na mlango uliozungushiwa pambo la kamba iliyosokotwa, limechongwa kwenye chokaa kwa mkono usiotetemeka. Juu ya mlango, kipande cha kamba hiyo kilikuwa kimedondoka. Pengo la urefu wa mkono. Mama Keki aliliona pengo lile siku ya kwanza, na macho yake hayakutulia tena.

Mkuu wa kazi alikuwa mwanamke kijana waliyemwita Mhandisi. Alisema masharti mawili tu. La kwanza, saruji marufuku, maana haipumui. Inafungia unyevu ndani na jiwe linaoza. La pili, kiraka lazima kionekane. "Kiingie ndani upana wa kidole kimoja kutoka uso wa zamani. Kiwe laini, kisiwe na pambo. Mtu akipitisha mkono, ajue hapa ni wa kale, hapa ni sisi."

Mama Keki alisikia vizuri sana. Kisha akamtazama Karani akitupia chokaa ukutani, ikishika kwa mabonge na kumwagikia viatu, akaamua moyoni kwamba sharti la pili ni huruma ya Mhandisi kwa watu kama hao. Ukishindwa kufananisha, angalau jifiche kidole kimoja ndani. Haliwezi kuwa sharti la watu wenye mikono.

Na mikono alikuwa nayo! Chokaa haikumsumbua hata kidogo. Ikiwa nyepesi inateleza, ikiwa nzito inapasuka, ukiiacha juani bila kuifunika gunia bichi inakutolea nyufa. Si krimu ile ile, imebadilisha nguo tu? Mafundi waliozoea kazi walianza kupita karibu na ukuta wake wakijifanya wanatafuta ndoo. Zamu ya mlango wa kamba ilipofika, Mhandisi hakufikiri mara mbili. "Mama Keki, pengo la juu ni lako." Kisha akaondoka kwenda mjini kufuata mchanga.

Gari lake halijapotea machoni, Mama Keki alikuwa ameshafungua taulo. Alichekecha chokaa mpaka ikawa unga wa poda, akaikanda, akaitia rangi kwa maji ya majani ya chai ili ifanane na ukongwe wa pale, kisha akaijaza kwenye mfuko wake wa kukamulia.

"Sharti lilisema..." Karani alianza, akiwa ameshikilia ngazi.

"Sharti ni la wasioweza. Wewe shika ngazi."

Akakamua. Msokoto kwa msokoto, pumzi ameibana, akifuata mkono wa mtu aliyekufa zamani kuliko hesabu yake, mpaka kamba ya kushoto ikakutana na kamba ya kulia bila kuonyesha zilipokutania. Aliposhuka na kuinamisha kichwa upande, alijua kwamba hajawahi kufanya kazi kama ile maishani mwake. Machozi yalimtoka na hakuyaonea aibu. Dada na aje hata kesho!

Mhandisi alirudi, akasimama mbele ya mlango, akatazama juu, akatazama picha aliyokuwa nayo mkononi, akatazama juu tena. "Pengo liko wapi?"

Watu wakaangua kicheko na makofi. Mama Keki alisimama kifua mbele. "Litafute."

Mhandisi alipanda ngazi. Alipapasa, akanusa. "Haya ni majani ya chai?"

"Kidogo tu."

Alishuka polepole, akakaa kwenye rundo la mawe, na kicheko cha watu kikafa chenyewe. "Mama, tangu nitoke chuo sijaona mkono kama wako. Nikuambie kweli, nakuonea wivu. Lakini hii lazima itoke."

"Itoke? Kwa sababu ni nzuri?"

"Kwa sababu mimi mwenyewe nimelitafuta pengo nisilione. Kesho atakuja mtu kupima, atapiga picha, atasema aliyeujenga mlango huu alisokota kamba yake hivi. Na labda pale katikati hapakuwa na kamba. Labda aliweka ua. Labda aliweka jina la mkewe. Hatujui. Wewe umemsemea, mama, naye hawezi kukujibu."

Kuna mpambaji wa kumbi aliyewahi kubandika ua moja la plastiki juu ya keki yake, kwa nia njema kabisa, eti palikuwa peupe. Mama Keki alimfukuza na ufagio mpaka nje ya geti, mbele ya wageni. Sasa alimkumbuka mpambaji yule na tabasamu lake la kutaka sifa, na uso ukamwaka moto.

"Usijali," Mhandisi alisema kwa upole. "Fundi ataiondoa. Si lazima uone."

Mmoja wa mafundi akachukua patasi. Na miguu ya Mama Keki, ambayo ilikuwa na mazoea yake, ikageuka bila kumuuliza, ikaanza kuelekea nje. Alipita chumba cha kwanza, akapita kisima kikavu, akafika penye njia ya kurudi bwenini. Huko nyuma hakusikia patasi bado. Aliwaza begi lake. Aliwaza basi la kurudi nyumbani, na Dada mlangoni akimsubiri kwa vicheko. Kisha akawaza kwamba kitu pekee alichowahi kukitengeneza ukutani kinakwenda kukatwa na mkono wa mtu asiyejua hata kilianzia wapi.

Akarudi. "Nipe hiyo patasi," alimwambia yule fundi. "Hii naikata mwenyewe."

Chokaa ilikuwa bado laini, kwa hiyo haikubisha. Aliikata kuanzia katikati, taratibu, asiguse hata chembe ya mkono wa yule wa kale, na vipande vikadondoka chini karibu na viatu vya Karani, ambaye alikuwa akilia kwa sauti kuliko mwenye msiba. Mama Keki hakulia. Mkono ulikuwa imara, na alishangaa kugundua kwamba kukata nako ni kazi, na kwamba anaiweza.

Kesho yake alianza upya. Bila mfuko, bila chai. Ukanda mtupu, laini, kidole kimoja ndani. Usidhani ni rahisi. Mkono ulimwasha kutia japo nukta moja, japo mkunjo pembeni. Aliubana. Alilainisha mpaka ukanda ukawa wazi kama meza iliyofutwa, akaufunika gunia bichi, akalirudia kulilowesha kila lilipotaka kukauka. Haukupata ufa hata mmoja. Mhandisi alipitisha kidole mwanzo mpaka mwisho. Aliwaita wengine wote, hata mafundi wazoefu, akawaambia waje waone kiraka kinavyotakiwa kuwa.

Siku ya kufunga, Dada alifika na kofia pana na miwani mipya, tayari kwa vita. Mama Keki alimpitisha chumba kwa chumba. Alikuwa ameapa kutomwelekeza; Dada akione mwenyewe.

"Haya, kazi yako iko wapi?" Dada aliuliza walipofika penye mlango. "Hapa naona ukongwe tu. Birika nalo liko wapi, nilione?"

"Angalia mwenyewe. Panda, ukitaka. Kugusa kunaruhusiwa."

Dada hakuwa mtu wa kuchokozwa mara mbili. Alipanda vidaraja viwili vya ngazi, huku Karani akiishika kwa uzoefu, akaanza kupitisha kidole kwenye kamba ya kale kutoka kushoto. Msokoto, msokoto, msokoto. Kidole kikazama. Kikasimama. Dada akavua miwani, akaivaa tena.

"Hapa pana mkono mwingine."

"Ni wangu."

Dada alipitisha kidole kwenye ukanda ule mtupu mpaka mwisho wake, pale kidole kilipopanda tena juu ya kamba. Akarudi nacho mwanzo. "Wewe? Bila hata ua moja?"

"Halikuwa langu la kuweka."

"Kwa hiyo kuanzia hapa..." Dada aligusa. "Mpaka hapa. Hapa ni wewe mtupu."

"Ni mimi mtupu."

Mama Keki alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka nene, bila kuomba radhi. Ile kamba aliyoikata ilikuwa nzuri kupita kiasi, na kama ingekuwa bado pale juu, Dada angepitisha kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho asikutane naye. Angemwonyesha nini? Angeapa kwa nani?

Dada alishuka. Kwa muda alihangaika na kofia yake. Kisha akageukia ndugu na jamaa wa wafanyakazi wengine, waliokuwa wakizungukazunguka na soda zao. "Jamani! Njooni huku! Mnauona ule ukanda? Wa mdogo wangu ule! Tumbo moja! Ukuta wa tangu enzi hizo, na yeye yumo!"

Watu wakasogea. Bwana mmoja akanyoosha kidole, na Dada, bila hata kufikiri, akawa ameshasimama mbele ya mlango, mikono kiunoni.

"Tazameni kwa macho! Kwa macho, nimesema!"

Kundi likaondoka, likaja jingine, naye hakubanduka. Jua lilipanda. Alianza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kama afanyavyo ukumbini, akitafuta kwa macho mtu wa kumuuliza lile swali lake. Mama Keki alimwona. Alichukua kiti cha plastiki, akakiweka kivulini, chini ya mlango.

"Kaa, Dada," alisema. "Hii haikatwi."