Kontena Lililoandikwa Sabuni

Yadini walimwita Mama Homa, na jina lenyewe hakulichukia. Kutwa alikuwa akipita kati ya safu za makontena na kipimajoto chake, kile cha kuelekezea kama bastola, akitafuta lililo na joto kuliko wenzake. Kila mzigo wa hatari ulioingia bandarini, uwe gesi, betri, rangi au dawa ya wadudu, ulipita kwanza mezani kwake. Yeye ndiye aliyeangalia kama umetajwa kwa jina lake, kama una lebo yake, na kama umewekwa mbali na mzigo usiopatana nao. Huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja kazini.

"Mama Homa, wagonjwa wameamkaje?" madereva wa foko za kunyanyulia mizigo walimtania.

"Wanaumwa, ila hawasemi," aliwajibu, akapita zake.

Siku hiyo, kama saa nne asubuhi, alifika kwenye kontena la bluu lililokuwa chini kabisa, linangoja meli. Majirani zake waliokuwa juani walisoma nyuzi arobaini na moja, arobaini na mbili. Hilo la bluu lilikuwa kivulini, na lilisoma hamsini na nane. Akapima tena pale pale. Hamsini na nane. Akasogeza pua kwenye mpira wa mlango, na harufu ya bwawa la kuogelea ikampanda kichwani mpaka machozi yakamtoka.

Karatasi ziliandikwa sabuni ya unga.

Sabuni haipati homa. Ile ilikuwa klorini ya unga, ya kutibia maji, na aliijua vizuri. Ukiijaza kontena zima ikapata joto, hujipasha yenyewe, ikazidi kujipasha, ikatoa hewa inayounguza mapafu, na mwisho hupasuka. Sheria inataka ipakiwe juu ya meli, penye hewa, mbali na mashine na matangi ya mafuta. Meli nyingi huikataa kabisa. Ndiyo maana wapo wanaoiita sabuni.

Aliposoma jina la wakala aliyeleta mzigo, akalisoma tena. Wiki tatu nyuma alikutana na kontena jingine la wakala huyo huyo, sabuni hiyo hiyo, na harufu kama hiyo kwa mbali. Siku hiyo alisita, kisha akatia saini. Alikuwa ametoka kuzuia makontena mawili mfululizo, na yalipofunguliwa yakakutwa na vitunguu saumu vitupu. Watu walicheka wiki nzima. Hakutaka kuchekwa mara ya tatu, basi. Lile kontena likapakiwa, likaenda zake, na hakuna aliyesikia lolote.

Safari hii alilizungushia utepe mwekundu, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shughuli za yadi.

"Bosi, lile la bluu lisipakiwe. Lina klorini."

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye simu mbili zinazolia pamoja. "Umelifungua?"

"Kulifungua hivi hivi ni kujiua. Nimelipima. Nimelinusa."

"Hata vile vitunguu ulivinusa, mama."

"Bosi, naomba usinikumbushe."

"Sikukumbushi kwa ubaya. Kule mkutanoni nilichekwa mimi, siyo wewe." Akashusha pumzi. "Mwandikie wakala, atoe maelezo. Akijibu, nitaamua."

Utaratibu ulikuwa hivyo: mkaguzi hupendekeza, mkuu ndiye anayezuia. Utepe wake ulikuwa utepe tu. Kwenye kompyuta kontena lilibaki na alama ya kijani, ruhusa ya kupakiwa, mpaka mkuu aibadilishe. Mama Homa akaandika barua pepe saa nne na dakika arobaini, akampa nakala mkuu, akakaa kungoja. Akapiga simu kwa wakala, ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Akaenda kunywa maji, akarudi, akaandika barua ya pili. Saa saba na robo jibu likaja: samahani kwa usumbufu, huu hapa ni uthibitisho wa kiwanda kwamba mzigo ni sabuni. Muhuri wake ulikuwa mkubwa na mzuri.

Akainua macho dirishani. Mahali pa kontena la bluu palikuwa patupu. Utepe mwekundu ulikuwa chini, umekanyagwa na matairi.

Akamrukia karani wa upakiaji. "La bluu liko wapi?"

"Limeshapanda, mama. Lilikuwa kijani." Karani akaangalia mchoro wa meli. "Tumbo namba tatu, chini, ubavuni mwa tangi la mafuta."

Mafuta ya meli huchemshwa ili yawe mepesi. Kontena lenye homa walikuwa wameliegemeza kwenye jiko.

Na tumbo namba tatu ndimo alimokuwa mdogo wake.

Huyo walimwita Fundo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufunga makontena ndani ya meli kwa nondo na skrubu kubwa ili yasihame baharini. Alikuwa kitindamimba wa mama yao. Dada yake ndiye aliyembeba mgongoni, akamfulia sare za shule, na miaka minne iliyopita akaenda mwenyewe ofisi ya ajira kumwombea kazi hiyo.

Alikimbia kuelekea gatini huku akipiga kelele kwenye redio. Mkuu akamjibu, "Subiri, naongea na nahodha." Kwenye lango la gati mlinzi akanyoosha mkono.

"Kofia ngumu, mama."

"Nimeiacha ofisini. Nipishe."

"Bila kofia hupiti. Usalama kwanza."

"Kuna watu watakufa mle!"

"Ndiyo maana tunavaa kofia," alisema mlinzi kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto.

Akatoa simu, akampigia mdogo wake hapo hapo langoni. Milango ya juu ya tumbo la meli ilikuwa bado wazi, na simu ikaingia.

"Dada, niko kazini."

"Toka humo. Toka sasa hivi."

"Kuna nini tena?"

"Lile kontena la bluu ni klorini, linachemka. Panda ngazi utoke."

"Aa, ndiyo maana macho yanatuwasha. Sisi tulidhani ni rangi." Akakohoa. "Tuko saba humu, dada. Wawili wako chini kabisa nyuma ya safu, hawanisikii. Ngoja nikawaite."

"Sikuulizi habari za hao! Nakuuliza wewe! Waache, panda!"

Nondo zikasikika zikigongana.

"Dada, usiseme hivyo," alisema. Simu ikakatika.

Mama Homa akamnyang'anya mlinzi kofia yake kichwani, akaivaa, akapita. Mlinzi alibaki ameshika kichwa chake kitupu.

Alipopanda melini, wa kwanza alikuwa ameshatoka, ameinama anatapika sitahani. Akatoka wa pili. Wa tatu na wa nne wakatoka wameshikana mikono. Alikuwa akiwahesabu kwa sauti bila kujijua. Kisha ukasikika mshindo mzito, kama lango la chuma lililobamizwa na upepo, na moshi wa kijani uliochanganyika na manjano ukatoka namba tatu. Haukupanda juu kama moshi wa kuni. Ulimwagika sitahani kama maji, ukatafuta njia ya kushukia. King'ora kikalia. Watu wakakimbia kinyume cha upepo, naye akakimbia kuufuata moshi, mpaka wapakiaji wawili wakamkamata mikono.

Wakatoka wengine wawili wakitambaa, nguo zimewachanika. Ndio wale waliokuwa chini kabisa.

"Fundo yuko wapi?" aliwapigia kelele. "Mdogo wangu yuko wapi?"

Mmoja akaonyesha ngazi. "Alitutanguliza. Alikuwa nyuma yetu. Alikuwa hapa hapa nyuma yetu."

Mabaharia waliovaa mitungi ya hewa walimtoa baada ya robo saa. Alikuwa hai. Macho yalikuwa yamevimba yakafumba, na kila pumzi ilitoka na sauti ya maji yanayochemka ndani ya birika.

Alikaa hospitali siku tatu. Mapafu yalikuwa yameungua, daktari alisema, na hapakuwa na dawa ya kuyarudisha, ilikuwa ni kumsaidia tu kupumua na kuomba. Mama Homa alikaa upande mmoja wa kitanda, na wifi yake, mke wa Fundo, upande wa pili, mtoto wao wa miezi minane mapajani. Mgonjwa hakuweza kusema kwa sababu ya mpira uliokuwa kooni. Asubuhi ya siku ya tatu aliacha kufinya vidole vyao. Saa tano mashine ikazimwa.

Wifi hakupiga yowe. Alimfunika mume wake shuka mpaka kidevuni, kama anayehofia atasikia baridi, kisha akamgeukia Mama Homa.

"Wanasema uliandika barua. Wanasema ulijua."

"Nilijua tangu saa nne, wifi. Nilisema, hawakunisikiliza."

"Basi huna kosa."

Hapo angeweza kunyamaza. Kila mtu alikuwa akimwambia hivyo hivyo, kwamba hana kosa. Lakini kwa siku tatu alikuwa na jambo la kusema.

"Ninalo," alisema. "Wiki tatu kabla, lilipita jingine kama hilo. Nililinusa, nikatia saini. Niliogopa kuchekwa. Ningelizuia lile, wakala angekuwa amekamatwa, na hili lisingefika."

Wifi akazunguka kitanda na mtoto, akasimama mbele yake. Mtoto alikuwa akivuta kamba ya kitambulisho shingoni mwa shangazi yake, na mama yake akamtoa mkono taratibu.

"Toka," alisema wifi. "Tafadhali, toka."

Msibani Mama Homa alikaa jikoni na wapishi, akiosha masufuria. Kwa miezi miwili hawakusemezana. Aliacha vitu mlangoni kwa wifi, maziwa ya mtoto, sabuni, unga, na kila mara alikuta vya jana vimeingizwa ndani, lakini mlango haukufunguliwa. Usingizi ulimkimbia. Kazini alipewa likizo isiyo na mwisho, na kila akisikia birika linachemka alitoka nje ya nyumba.

Uchunguzi ulipoitishwa, mwanasheria wa chama cha wafanyakazi alimweka pembeni. "Barua zako mbili zimekuokoa, mama. Saa zipo, majina yapo. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa. Usiongeze neno."

Aliulizwa kuhusu siku ile, akajibu. Mwenyekiti akamshukuru, akamwambia aketi. Hakuketi.

"Kuna jambo hamjaniuliza," alisema, na mwanasheria akainamisha kichwa.

Akawaeleza habari za kontena la kwanza, tarehe yake, namba yake, na harufu yake. Hata mkuu wake akaacha kuandika. Namba hiyo ndiyo iliyowawezesha wachunguzi kufuatilia mzigo mpaka ulikoteremshwa, wakaukuta kwenye ghala karibu na shule, nusu yake haijatumika, magunia yameandikwa sabuni.

Wakala alifungiwa na kesi yake ikaanza. Mkuu alihamishwa. Bandari ikabadilisha utaratibu: sasa mkaguzi akibandika utepe mwekundu, kompyuta hufunga kontena hilo yenyewe, na hakuna wa kulifungua mpaka lipimwe. Mama Homa mwenyewe aliachishwa kazi kwa uzembe. Alitia saini barua ya kuachishwa bila kuisoma.

Siku hiyo ya mwisho aliposhuka ngazi za jengo la bandari, alimkuta wifi yake amesimama chini na mtoto mgongoni. Akataka kupita, kwa kumheshimu.

"Wifi," yule aliita.

Akasimama.

"Ulimpigia simu akiwa mle. Alisema nini mwisho?"

Mama Homa alijua angeweza kutunga neno zuri, na mjane angelala nalo maisha yake yote. "Alisema, 'Dada, usiseme hivyo.'"

"Ulikuwa umesema nini?"

"Nilimwambia awaache wenzake atoke."

Wifi aliangalia barabarani, malori yakipita. Machozi yakamshuka mfululizo, naye hakuyafuta.

"Hata mimi ningemwambia hivyo hivyo," alisema. "Na mimi pia asingenisikiliza."

Mtoto akaanza kulia kwa njaa. Wifi akamshusha mgongoni, akamweka begani.

"Kesho naenda kufuata cheti cha kifo. Ofisi yenyewe hata siijui."

"Naijua. Nitakupeleka."

"Saa mbili basi."

"Saa mbili nitakuwa mlangoni," alisema Mama Homa.