Ndege Iliyopandishwa kwa Ngazi

Asubuhi moja ya Juni mwaka 2016, Brigitte alikuwa akipiga pasi sare za wasimamizi wa harusi katika chumba chake cha ushonaji, ghorofa ya tatu, mtaa wa Doornfontein, Johannesburg, aliposikia watu wakipanda ngazi kwa miguu mizito. Hakushtuka. Lifti ya jengo lile ilikufa zamani, na kila kilichoingia humo, liwe friji au jeneza, kilipanda kwa ngazi. Alichomoa pasi kwenye umeme akaufungua mlango wote, maana mtu aliyebeba hapendi kusubirishwa kizingitini.

Wa kwanza kuingia alikuwa mzee mwembamba, pekupeku, amebeba propela ya mbao kichwani. Nyuma yake wakaja wengine na mbavu za mabawa, nyaya zilizosokotwa, na maboya mawili marefu kama mitumbwi, yale ambayo ndege ya majini huyatumia kwa kuelea. Mwisho kabisa likaja kundi la wanaume waliobeba kiwiliwili cha ndege mabegani. Ndani yake alikuwa ameketi Mbelgiji mwenye masharubu, kofia ya ngozi na miwani ya upepo. Kila walipokata kona aliinamisha kichwa asijigonge.

"Simama," alisema.

Wakasimama katikati ya cherehani, mizigo ikiwa vichwani.

"Karibuni," alisema Brigitte. "Tueni mizigo."

Wapagazi wakamtazama Mbelgiji. Mbelgiji alikuwa akitazama kucha zake.

"Asante, mwanangu," alijibu yule mzee wa propela. "Ila amri haijatoka."

Kiswahili chake kilikuwa cha kwao Brigitte kabisa, cha ziwani, naye akamuuliza ni mtu wa wapi. Mzee akasema yeye ni wa Mtoa, karibu na Kalemie, jina lake Kalunga, mume wa Feza, yule mwenye mwanya. Brigitte akavuta kigoda akakaa. Feza mwenye mwanya alikuwa mama mzaa babu yake.

Katika ukoo wao Kalunga alijulikana kwa jambo moja tu: alikuwa mtoro. Asubuhi moja, wakati wa vita vya Wajerumani, alitoka kwenda kuchanja kuni asirudi. Watu wakasema amevuka ziwa na mwanamke muuza chumvi, wanakula raha Ujiji. Feza aliwalea watoto peke yake, akichekwa kisimani. Hata leo kijana wa ukoo ule akienda kuposa huulizwa kwanza kama miguu yake inajua kukaa nyumbani.

"Tunaambiwa ulitoroka, babu," alisema Brigitte.

"Na mwanamke?"

"Muuza chumvi."

Kalunga akafikiri. Kutikisa kichwa hakuweza, kwa sababu ya propela. "Askari walinikuta njiani na shoka langu," alisema. "Wakaniwekea hii, wakasema beba. Luteni huyu alikuwa anapelekwa ziwani na ndege yake, akapige meli ya Wajerumani kule Kigoma. Homa ikamuua kabla ya kufika. Na sisi tukafa, mmoja mmoja. Lakini amri haikubadilika, basi tukaendelea."

"Mpaka Johannesburg?"

"Luteni aliuliza vita viko wapi. Hakuna aliyemwelewa, kwa hiyo akaanza kufuata watu. Na watu wote wa kwetu waliokuwa na mizigo walikuwa wanakuja huku."

Brigitte aliona hilo halina kosa. Yeye mwenyewe alikuwa amekuja kwa njia hiyohiyo.

Walilolijia lilikuwa wazi. Mchwa walikuwa wamekula kitambaa cha mabawa, yakabaki mbavu tupu. Ilikuwa ndege ya ghorofa, bawa juu ya bawa, na yote manne yalihitaji kuvishwa upya. Brigitte hakuwa na kitani. Alikuwa na jora la kitenge cha harusi ya Jumamosi, cha manjano chenye michoro ya miavuli iliyofunguliwa. Aliangalia kitenge, akaangalia shingo ya babu yake, kisha akamgeukia Luteni na kusema naye kwa Kifaransa.

Alimwambia watu hawa wamechoka. Luteni akasema inawezekana, ingawa hawajawahi kumtajia. Akamwambia vita vimekwisha, vilikwisha zamani.

"Huko kwenu ziwani?" aliuliza Luteni. "Vimekwisha?"

Brigitte alikumbuka kwa nini alihama Kalemie, naye hakuzoea kusema uongo.

"Unaona," alisema Luteni, kwa upole.

Hata hivyo walifikia makubaliano. Luteni mwenyewe alikiri kwamba ndege inayoruka haihitaji wapagazi. Brigitte angeshona; ndege ikiruka, watu wangeachiliwa. Tatizo lilikuwa lugha. Luteni alijua Kiswahili cha amri tu: beba, simama, upesi, kimya. Neno la kuwaambia watu watue mizigo hakuwahi kufundishwa na afisa aliyemtangulia, na huyo naye hakuwahi kulihitaji.

"Tua," Brigitte alimfundisha.

"Tua," alirudia Luteni, akilizungusha mdomoni kama pipi. Alilipenda. "Tua, tua."

Wapagazi waliposikia hivyo walianza kuinama, lakini Luteni akasema, "Kimya," kwa kuwa alikuwa anafanya mazoezi tu.

Brigitte alishona siku nzima na ya pili yake. Wapagazi walisimama wameshika mabawa, naye akiyazunguka na pini mdomoni kama anavyowazunguka wateja wanaopimwa. Alikaza kitenge kwa uji wa muhogo, kikawa kigumu kama ngoma. Binti yake Falonne, aliyezaliwa hukuhuku na aliyeelewa Kiswahili bila kupenda kukisema, aliwazungushia chai.

"Huyu ni wa kwetu?" aliuliza Kalunga.

"Sharp, mkhulu," yaani sawa, babu, alijibu Falonne kwa lugha ya mtaani, akamshikia kikombe mdomoni.

Ndege ya majini huhitaji maji, na maji ya karibu yalikuwa bwawa la kuogelea la manispaa, hatua chache kutoka pale. Wakaibeba barabarani, Luteni akiwa ndani. Kwenye robot, yaani taa ya barabarani, ilipokuwa nyekundu walisimama kama watu wote, na taxi ya nyuma ikapiga honi ilipowaka kijani. Mlinzi wa bwawa alikuwa Mrundi, jina lake Astère, jirani wa Brigitte. Alitoka kibandani mwake akiwa na blanketi mabegani, akawatazama.

"Mama Falonne, bwawa limefungwa kwa baridi mpaka Septemba. Hakuna kuogelea."

"Hawaogelei, kaka Astère."

Astère akaitazama ndege juu mpaka chini. "Kama hawaogelei, amri haiwahusu," alisema, akafungua geti. Mmoja wa wapagazi akamwamkia kwa Kirundi. Astère akamwitikia, kisha akaenda stoo na kuleta petroli ya mashine ya kukatia nyasi.

Waliiunganisha ndege juu ya maji ya kijani yaliyojaa vyura. Kila kipande kilipopata mahali pake, kichwa kimoja kilibaki kitupu, na mwenye kichwa akawa hajui afanye nini na mikono. Propela ilikuwa ya mwisho. Ilipofungwa, Kalunga aliisukuma kwa nguvu zake zote. Injini ikakohoa, ikashika. Ndege ikakimbia juu ya maji na kupanda, ikiupita uzio kwa upana wa kiganja, na miavuli ya manjano ikaonekana juu ya uwanja wa mpira. Wanafunzi waliokuwa wakienda chuoni walipiga picha, wakaendelea na safari.

Brigitte alikuwa amepika ugali na dagaa wa ziwani wanaouzwa Yeoville. Wapagazi waliketi ukingoni mwa bwawa. Walikaa kwa uangalifu, kama watu wasio na hakika kwamba magoti yao bado yanakunjika. Walikula kwa mikono yote miwili.

"Feza aliolewa tena?" aliuliza Kalunga.

"Hapana. Alisema hana chakula cha kumlisha mtoro wa pili."

Kalunga alicheka, meno yake yote nje. Baadaye kicheko kikamwisha, akabaki akikandakanda tonge bila kulila. "Kaburi lake liko wapi?"

"Mtoa. Kando ya shamba lenu la muhogo."

"Nitafika," alisema.

Akaulizia basi. Falonne akatafuta kwenye simu, akamwonyesha: kutoka Park Station mpaka Lubumbashi, kisha aulize mbele. Kalunga alirudia majina ya miji kwa sauti ndogo, ili asiyasahau. Akamuuliza Brigitte kama inafaa mtu kwenda kaburini mikono mitupu. Brigitte akamwambia atamshonea Feza kanga ya kuwekewa pale, na Kalunga akasema Feza alipenda rangi ya buluu.

Juu ya mtaa wa Troyeville, ambako ndege ilikuwa bado inazunguka, injini ilianza kupiga chafya. Petroli ya kukatia nyasi haifiki mbali. Waliiona ndege ikishuka polepole nyuma ya mapaa, upande wa Kensington, ambako kuna kiziwa ndani ya bustani ya Rhodes Park. Kisha filimbi ikalia, ikafuatiwa na sauti ya Luteni, iliyovuka Troyeville na Bertrams bila taabu, kama zinavyovuka sauti za waliozoea kutii­wa.

"Tua!"

Wapagazi wakatazamana. Mmoja akaanza kulia kimyakimya. Kalunga akashika mkono wa Brigitte.

"Mimi tua!" iliendelea sauti, kwa furaha. "Njoo! Beba! Upesi!"

Wakanawa mikono, wakasimama.

"Babu, usiende," alisema Brigitte.

"Nikibaki, propela ataibeba nani? Wenzangu kila mmoja ana wake."

"Si aiache hapo."

"Ataiweka juu ya huyu," alisema Kalunga, akimwonyesha yule aliyekuwa akilia, "na huyu ana boya tayari."

Brigitte alikimbia ghorofani, akakata vipande vya kitenge vilivyobaki na godoro la Falonne, akashona ngata, moja kwa kila kichwa. Alizigawa getini. Kalunga aliijaribu yake, akaibonyeza, akasema ni laini mno, mtu anaweza kusinzia. Wakaondoka kwa mstari mmoja kuelekea Kensington, na Astère akasimamisha magari ili wavuke.

Jioni Brigitte alimpigia simu shangazi yake Clémentine kule Kalemie, mkubwa kuliko wote waliobaki katika ukoo. Alimweleza yote, kuanzia ngazi mpaka bustani. Shangazi hakumkatiza.

"Kwa hiyo hakutoroka," alisema mwishowe.

"Hakutoroka, shangazi. Alikuwa amebeba."

"Na sasa?"

"Bado amebeba."

Huko nyuma ya shangazi ilisikika redio, na mtu akifukuza kuku.

"Amekula?" aliuliza shangazi.

"Amekula. Ugali na dagaa."

"Dagaa wa kwetu?"

"Wa kwetu."

"Basi wakipita tena uwapikie tena," alisema shangazi Clémentine. "Na huyo Mzungu naye umpe kidogo, asije akawaharakisha."