Jaketi la Fanueli

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, sauti ya mtu asiyejulikana ilizunguka katika simu za watu wa mji wetu wa Mpemba. Ilisema kwamba kikosi cha watafiti wa gesi, kilichopotea huko bondeni Kamsamba tangu mvua zilipozidi, kimechinjwa chote na wafugaji wa huko na miili imetupwa mtoni. Mdogo wangu Fanueli alikuwa dereva wa kikosi hicho.

Kabla ya mchana, uwanja wangu ulijaa waombolezaji. Shangazi Jenista aligaragara chini hadi kanga ikamfunguka. Vijana wa bodaboda walisimama barabarani wakiwa na marungu, wakimsubiri mtu yeyote atokaye bondeni.

Ndipo alipofika mwanamume mmoja kwa miguu, matope yamemfika magotini, akiwa amevaa jaketi la Fanueli.

Katika ukoo wetu, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, nguo yake huletwa nyumbani, nasi huizika hiyo. Jenista alipoliona jaketi, alipiga yowe: "Wameleta nguo! Mwanangu amekwisha!"

Osward, kiongozi wa vijana, alimkamata mgeni kwa ukosi.

"We mzee, jaketi hili umelitoa wapi?"

"Hamjambo jamani. Naitwa Gasper, nalima mpunga Kamsamba. Nimepewa na mwenyewe."

"Mwenyewe ameuawa! Siku hizi maiti zinagawa nguo?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya.

"Hajafa, mwanangu. Amenituma kwa dada yake..."

Rungu la kwanza lilimvunja meno. La pili lilimwangusha. Kisha wakamvamia wote, kwa mateke na mawe. Hata mwanamke niliyeketi naye kanisani Jumapili alimpiga kwa mchi. Damu iliruka ikalowesha mkeka wa msiba.

Mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu: hajafa. Kama lilikuwa kweli, basi njia ya kumfikia Fanueli ilikuwa ndani ya kinywa kile kilichokuwa kikipondwa. Nilijitupa juu ya Gasper. Jiwe likanivunja mkono wa kushoto, nikasikia mfupa ukilia.

"Toka, mama! Unamkinga muuaji wa ndugu yako?"

"Nipigeni mimi kwanza, Osward! Huyu ataniambia alipo Fanueli, ndipo nitatoka."

Wakasita. Nikainamisha sikio hadi mdomoni mwa Gasper.

"Kilima cha minyaa," alisema, damu ikitoka kwa mapovu. "Ng'ambo ya mto Momba. Maji yamewazunguka. Simu zao zimeloa. Mmoja amevunjika mguu. Nimeogelea... alisema, vaa jaketi, dada ataliamini."

Huko kwao Gasper, mjumbe huvaa nguo ya aliyemtuma ili aaminike. Fanueli, aliyeishi nao muda mrefu, alifuata desturi yao akaisahau yetu.

Polisi walipofika, vijana walikwisha kutawanyika. Nilikataa kupelekwa hospitali hadi nilipowaeleza habari ya kilima, nao wakapiga simu mbele yangu. Gasper alikata roho njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Kesho yake mtumbwi uliwafikia watafiti. Wote walikuwa hai. Hakuna mtu aliyekuwa amewagusa. Wafugaji wale walioitwa wachinjaji ndio waliokuwa wakiwanywesha maziwa kabla maji hayajapanda.

Fanueli alifika nyumbani akiwa amekonda, akakuta majivu ya moto wa msiba wake mwenyewe. Aliyapita akanijia moja kwa moja.

"Dada, mzee Gasper yuko wapi? Nilimwahidi kumrudisha kwake kwa gari."

Nilimwambia. Alikaa chini palepale, penye udongo ulioparwa ili kuondoa damu, akalia kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu tulipomzika mama yetu.

Tulimpeleka Gasper kwao, Fanueli akiendesha, ili mkewe, Alinanuswe, aambiwe ukweli na sisi wenyewe. Lakini ile sauti bado inasambaa, na sasa wameongeza kwamba muuaji alikamatwa Mpemba akiwa na nguo za marehemu. Wewe uliyesoma hadi hapa, tafadhali mweleze mwingine: Gasper wa Kamsamba hakuua mtu. Alikuja kuokoa.