Mililita Kumi na Mbili na Nusu

Mtoto wa dada yangu, ambaye tangu aanze kuongea tunamwita Mbishi, aliingia kwangu Jumanne mchana bila hodi, akaweka simu yake mezani na kusema, "Mama mdogo, umenifelisha."

Nilidhani ni utani. Yeye anasomea uuguzi, mwaka wa pili, na mimi nimefundisha hesabu za dawa katika chuo hichohicho miaka kumi na sita.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Ulikuwa mtihani wa hesabu za dawa, ule unaofanywa kwenye simu au kompyuta na kusahihishwa na mfumo papo hapo. Alikuwa amepata sabini, na kufaulu ni themanini. Marudio ni mara moja tu, Ijumaa saa tisa alasiri. Akianguka tena anarudia mwaka mzima, na baba yake alishasema mbele ya ukoo kwamba akirudia mwaka, safari ya chuo imeishia hapo.

Maswali matatu aliyokosa yalikuwa ya aina moja. La kwanza lilisema hivi: dawa ya maji ina miligramu mia mbili hamsini katika kila mililita tano, mtoto anatakiwa kupewa miligramu mia moja, utampa mililita ngapi? Mbishi alikuwa ameandika mbili. Mfumo ukaweka alama nyekundu na kuandika chini yake: jibu sahihi ni kumi na mbili na nusu, rejea somo la kumi na nne.

Hiyo ni zaidi ya mara sita ya dawa anayostahili mtoto huyo. Nilihisi masikio yanawaka.

"Mwalimu gani kawafundisha upuuzi huu?"

"Bonyeza uone."

Nikabonyeza. Nikajiona.

Darasani nilikuwa na mtindo wangu. Kila kipindi niliandika ubaoni kosa moja la makusudi, nikakunja mikono na kunyamaza. Nilinyamaza mpaka mtu ainuke aseme, "Mwalimu, hapo umegeuza." Aliyeliona alikuja mbele, akalifuta, akaandika lililo sahihi, akapigiwa makofi. Waliniita Mwalimu Mtego. Hakuna aliyesinzia kwangu, maana hakuna aliyejua leo mtego uko wapi. Nilitaka watoke pale wakiwa watu wa kuuliza, kwa sababu muuguzi anayekubali kila kilichoandikwa ataua mtu siku moja.

Chuo kilipotuambia turekodi masomo nilifurahi, siwezi kudanganya. Wanafunzi wangu wengine walikuwa wakija darasani wamechoka hoi, na nikaona sasa watanisikiliza hata mara kumi, wanisimamishe, wanirudishe nyuma wapendavyo. Nikarekodi masomo arobaini katika chumba kitupu, mimi na mpiga picha. Katika somo la kumi na nne, kwa mazoea, nikatega. Niligeuza hesabu, nikaandika kumi na mbili na nusu, nikakunja mikono na kuvinyamazia viti. Kisha nikasema kuna kosa, nikalisahihisha hatua kwa hatua.

Kwenye video hakuna kimya wala sahihisho. Vyote vimekatwa. Naandika kumi na mbili na nusu, nageuka, natabasamu, basi. Na maswali ya mtihani yakatungwa kutoka kwenye video hiyo. Nami nilitia sahihi kuzikubali zote arobaini bila kuzitazama hadi mwisho, kwa sababu sipendi kujiona. Hilo kosa ni langu na nalibeba. Mwezi uliofuata mkataba wangu haukuongezwa. Video walikuwa nazo, mwalimu wa nini tena?

Jumatano asubuhi nilikuwa chuoni. Mkuu wa chuo alikuwa safarini, amekwenda kwenye mkutano kueleza mafanikio ya mfumo. Nikapelekwa kwa msimamizi wa masomo ya mtandaoni, kijana nadhifu ambaye walimu tulimwita Bwana Mtandao. Ofisi yake ilikuwa chumba chetu cha walimu. Meza zetu zimeondolewa, zimewekwa kompyuta tatu na kipoza hewa kinachoumiza meno.

"Karibu, Mwalimu. Tumekukumbuka sana."

"Mnaniona kila siku," nikamwambia. "Ondoeni somo la kumi na nne."

Nikamweleza. Alinisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayesubiri mvua ikatike aendelee na safari.

"Nani alikata?" nikauliza.

"Fundi wa video. Somo halitakiwi kuzidi dakika kumi. Na kile kimya, Mwalimu, kilikuwa kirefu mno. Alidhani umesahau maneno."

"Rudisheni ile nzima."

"Zile ndefu tulizifuta. Zinajaza nafasi."

"Basi badilisha jibu kwenye mtihani."

"Anayeruhusiwa kuomba mabadiliko ni mwenye somo, kupitia akaunti yake."

"Mwenye somo ni mimi."

"Ni kweli. Ila akaunti yako ilifungwa ulipoondoka."

Nilimtazama nione kama ananichezea. Wala. Alikuwa ananieleza utaratibu.

Nikachomoa karatasi kwenye mashine yake ya kuchapia, nikaandika swali, nikamsukumia. "Piga hesabu mwenyewe."

Akachukua simu. Mia moja, gawanya kwa mia mbili hamsini, zidisha kwa tano. Macho yakamganda. Akafuta, akarudia. Mbili.

Hapo nilidhani kazi imekwisha. Nilidhani mtu akishaona, ameona.

Aliinuka akafunga mlango, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nimekuelewa. Lakini waliofanya mtihani ni mia mbili na kumi. Walioanguka ni kumi na tisa tu. Waliofaulu majina yao yameshapelekwa hospitali, Jumatatu wanaanza wodini. Nikibadilisha jibu leo, hao wote…"

"Hao wote wamekosa. Ndicho kilichonileta."

"Tulipeleke kwenye kamati muhula ujao. Na wodini kuna wasimamizi, hawaachiwi dawa peke yao."

"Una mtoto?"

"Wa miezi minane."

"Akiugua Jumatatu, mpeleke."

Akanifungulia mlango. Nilitoka bila kumsalimia mtu, na mlinzi wa getini aliyenizoea miaka yote hiyo akaniuliza taratibu nimefiwa na nani.

Alhamisi nilikwenda hospitali kwa muuguzi mkuu, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Alipiga hesabu kichwani kabla sijamaliza sentensi, akakunja uso. Lakini alisema hawezi kuwazuia wanafunzi wa chuo kwa neno la mwalimu aliyeachishwa kazi, watasema nina kinyongo. Picha niliyopiga kwenye simu ya Mbishi aliirudisha, maana siku hizi picha mtu anajitengenezea.

"Niletee mwanafunzi mmoja," akasema, "ambaye kwenye kumbukumbu za chuo anaonekana amejibu mbili na ameangushwa. Mmoja tu. Nitawasimamisha wote Jumatatu hiyohiyo."

Wale wengine kumi na wanane walioanguka walikuwa wameshakariri majibu ya mfumo ili wapite. Mbishi aliniambia hivyo mwenyewe. Na kwa walioanguka, mfumo hauingizi matokeo ya kwanza kwenye kumbukumbu za chuo; unangoja marudio, unahifadhi ya mwisho tu.

Ijumaa saa tisa alikaa mezani kwangu, simu mbele yake, mimi nimesimama nyuma ya kiti. Maswali yalikuja yaleyale. Alipofika kwenye dawa ya maji akaondoa kidole.

"Nikiandika mbili, unapata shahidi wako," akasema. "Mimi narudi nyumbani kwa baba."

"Najua."

"Niandike nini, Mwalimu?"

Hakuwahi kuniita hivyo ndani ya nyumba hii. Juu ya kioo dakika zilikuwa zinapungua. Nilimchukia Bwana Mtandao, nikamchukia fundi wake, nikamchukia yule mwanamke wa kwenye video mwenye tabasamu. Nilifikiria watoto wa watu. Kisha nikamtazama huyu wa dada yangu, kisogo chake, mabega aliyoyainua kama anayengoja kupigwa.

"Andika kumi na mbili na nusu," nikasema.

Akaandika. Mara tatu. Mfumo ukampa mia moja, ukampanga wodi ya kuanzia Jumatatu, na sura yangu ikatokea ikimpongeza kwa kuelewa vizuri.

Hakushangilia. Alizima simu, akailaza kifudifudi.

"Nimepangwa wodi ya watoto," akasema, "na wenzangu watatu. Nikimwona mmoja anavuta kumi na mbili na nusu nikamwambia acha, ataniuliza nimeyatoa wapi. Nitamwambia nini? Na mimi nimepata mia."

"Utamshika mkono. Wakikuona mwendawazimu, waache wakuone."

Akageuka kwenye kiti akanitazama, macho makavu.

"Na zamu ambayo mimi sipo, mama mdogo?"