Kalamu ya Felicitas

Wazazi wenzangu, msinicheke kabla sijamaliza. Mwaka ule wa themanini na sita, hapa Nyakasimbi, nilimfunga mbuzi siku tisa kwa kosa la ulevi.

Rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, niliiweka chumba cha nyuma kwenye mtungi. Kila siku ilipungua. Mbuzi wangu alizoea kulamba masalia tukikamua ndizi, kwa hiyo sikuhangaika kutafuta shahidi. Nikamfunga kwenye mgomba. Rubisi ikazidi kupungua.

"Mama Felicitas," mume wangu Celestin akaniuliza, "huyu mbuzi akishakunywa, ndiye anayerudisha kifuniko?"

"Ana akili."

"Basi tumpeleke shule."

Kumbe mnywaji alikuwa shuleni tayari. Felicitas, binti yangu wa darasa la sita, alikuwa amenyong'onyea tangu muhula uliopita. Mkononi alikuwa na mikwaruzo. Nilipouliza, alisema ni matawi ya mibuni. Nikakubali, ilhali ilikuwa Novemba, na kahawa tulishamaliza kuchuma Agosti. Mtu mzima mimi.

Siku ya kumi, asubuhi, nikamkuta chumba cha nyuma ameshika kata. Nikakimbilia fimbo yangu nje. Mbuzi alikuwa ameitafuna. Nikabaki na mdomo tu, nikauliza.

"Unakunywa kwa nini?"

"Ili njiani nisiwasikie."

"Nani?"

"Byabato na wenzake. Wananiita Karamu. Wananivuta sketi, wanauliza pilau iko wapi."

Siku moja aliomba kalamu darasani, na ulimi wetu wa nyumbani ukatoa karamu. Mwalimu Kaijage akamwuliza, "Na nyama ipo?" Darasa likacheka, na mpaka asubuhi ile lilikuwa halijaacha kucheka.

"Na mkono?"

Akauficha ndani ya sweta. "Nilijiumiza mwenyewe, mama. Si mibuni."

Nikakaa chini palepale, kando ya mtungi. Kisha nikajifunga kanga, nikamwacha na baba yake, nikaenda shuleni.

"Shikamoo, mama," Kaijage akanipokea mlangoni mwa darasa.

"Marahaba. Mwalimu, nimekuja kwa habari ya karamu ya Felicitas."

Akaweka chaki chini. "Karamu? Lini?"

"Siyo karamu. Karamu. Ya kuandikia."

Darasa zima likaangua kicheko. Byabato akapiga dawati mpaka wino ukamwagika. Mimi, mama wa watoto watano, nikatamani kurudi nyumbani nikauinamie ule mtungi. Na mimi nilichekwa dakika moja tu.

Nikamvuta mwalimu nyuma ya darasa, nikamweleza kwa sauti ya chini habari ya pombe na ya mkono.

"Ulimi huu ndio uliomfundisha," nikasema. "Wanicheke mimi."

Hakucheka. "La nyama nililianzisha mimi," akasema. "Nitalimaliza mimi."

Alirudi ndani akasema mbele ya wote kwamba alikosea, na atakayemvuta mtoto wa mtu sketi ataonana naye, tena akiwa na mzazi wake. Mimi nikampeleka Felicitas zahanati. Muuguzi alikaa naye wakiwa peke yao muda mrefu, akamwambia arudi kila Ijumaa. Mtungi ukahamia kwa shemeji yangu. Mbuzi nikamfungua, akapita bila kunitazama.

Jumamosi nikamwona Kaijage anakuja na koti lake la kanisani, nyuma yake Byabato na wenzake wawili, nywele zimelowa maji. Wamekuja kuomba radhi, akasema, huku pua yake iko jikoni. Nilikuwa nakaanga senene, wale panzi wetu wa Novemba.

Felicitas akasimama mlangoni. Nikaogopa atakimbia.

"Karamu ipo," akasema. "Kiingilio ni kalamu."

Byabato akaitoa yake mfukoni, akampa kwa mikono miwili. Celestin alicheka mpaka akakohoa.

Basi, ukiona mtungi unapungua, usianze na mbuzi. Uliza njia ya shule ikoje. Mimi, mpaka alipomaliza shule, nilimkagua mikono kila jioni, nikijifanya nafunga vifungo vya sweta lake. Alijua. Alikuwa ananinyooshea tu.