Mwanga Usiofika

Kwa miaka thelathini na mbili alifundisha fizikia katika sekondari ya wavulana, na wanafunzi walimbandika jina la Bwana Ushahidi. Hata ukimwambia tumbo linakuuma, angekuuliza ushahidi uko wapi. Nyumbani hakuwa na nafuu. Mkewe alipoinamisha kichwa kusali kabla ya kula, yeye alianza kutafuna kwa makusudi. Binti yao wa pekee alimlea kwa neno moja: hakuna kisichojulikana, kuna kisichojulikana bado.

Binti akasoma hadi akawa mtaalamu wa nyota chuo kikuu. Baba mtu akawa anatembea mtaani kifua mbele.

Asubuhi moja binti akahojiwa redioni. Mtangazaji akamuuliza kama sayansi itakuja kuueleza ulimwengu wote.

"Hapana," akajibu. "Sidhani."

Jumamosi alipokwenda kuwaona wazazi wake, alimkuta baba yake sebuleni. Alimwamkia, na shikamoo yake ikabaki hewani.

"Umenivua nguo mbele za watu," mzee akasema. "Nilikusomesha uje useme hatutajua?"

"Sikusema hatutajua chochote, baba. Kuna nyota ambazo mwanga wake umeshaanza safari kuja kwetu, lakini nafasi iliyo katikati inatanuka upesi mno. Mwanga huo hautafika kamwe, hata tujenge darubini kubwa kama mji huu. Hesabu zenyewe ndizo zinasema."

"Hesabu zitarekebishwa."

"Ushahidi uko wapi?"

Mzee akasimama ghafla, kiti kikagonga ukuta. Mama akatokea jikoni akifuta mikono kwenye kanga, uso umemchangamka.

"Mungu mkubwa! Miaka yote naitwa mjinga ndani ya nyumba hii, leo msomi mwenyewe amekiri."

"Mama, sikukiri kitu," binti akamgeukia. "Pale tunaposhindwa sikuandika jina la yeyote. Nikisema sijui, maana yake sijui."

Uchangamfu ukamtoka mama usoni. "Basi huna kwenu. Kwa baba yako hupo, na kwangu hupo."

"Hapo umesema kweli," mzee akaitikia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi wazee wale kukubaliana jambo.

Mzee akaiendea rafu, akatoa tasnifu ya binti yake iliyojalidiwa vizuri, akafungua ukurasa wa kwanza. Paliandikwa: Kwa baba, aliyenifundisha kuuliza. Akauchana taratibu, akamkabidhi.

Binti akaupokea ukurasa. "Kumbe ulitaka niulize yale tu ambayo majibu yake unayo."

"Nina miaka sabini na moja," mzee akasema, na sauti yake ikashuka. "Nilijiambia nitakufa sijajua, lakini wewe utajua. Mama yako ana sala zake. Mimi nilikuwa na hilo tu."

Hapo binti angeweza kunyamaza, au kumshika mkono. Lakini alikuwa ameumia, na aliyeumia hapimi maneno.

"Basi ulikuwa unasali tu kama mama."

"Toka," mzee akasema.

Akatoka. Mama hakumsindikiza hata hadi mlangoni.

Miezi minne ikapita kimya. Binti akipiga simu, mama alipokea, akasema, "Baba yako mzima," na kukata. Kisha barua nene ikafika ofisini kwake chuoni. Ndani mlikuwa na kurasa kumi na mbili za hesabu kwa mwandiko wa ubaoni, mzee akijaribu kuonyesha kwamba kutanuka kule kutapungua kasi na mwanga utafika. Chini alitia saini: Mwalimu mstaafu. Hapakuwa na salamu.

Binti alizisoma zote, mlango umefungwa. Kwenye ukurasa wa tatu mzee alikuwa amekosea alama ya kutoa, na kuanzia hapo kila kitu kikaenda kombo. Akapiga mstari mwekundu, akaandika pembeni "Rudia," akairudisha bila salamu pia.

Baada ya wiki tatu ikaja nyingine, ndefu zaidi, na tusi dogo ukingoni kuhusu vijana wanaokata tamaa mapema. Binti akalisahihisha tahajia, lile tusi, kisha akaendelea na hesabu.

Mpaka leo wanaandikiana hivyo. Mama ndiye anayezipeleka barua posta, amenuna njia nzima. Mzee hajawahi kumwita binti nyumbani, na binti hajaomba kwenda.